Wanachuo karibuni mtaani, ila njooni Januari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wakuu wa vyuo vikuu vya hapa Moshi. Ombi langu nalitanguliza, ili asiyependa barua ndefu alichukue aende nalo: mnapowaleta wanafunzi wenu kujitolea mitaani kwetu, waleteni Januari badala ya Agosti, na wakiondoka watuachie maandishi ya Kiswahili. Ni hayo mawili tu.

Sasa kwa mwenye muda.

Mimi ni mama mwenye nyumba. Mbele nina genge la mboga na mkaa wa kopo, nyuma kuna vyumba vya uani ninavyopangisha, na kwa miaka mingi wapangaji wangu wamekuwa wanachuo. Mtaa wetu uko upande wa chini wa mji, kule ambako Moshi inateremka kuelekea Pasua na mbele zaidi kwenye mpunga na miwa. Jina lake silitaji. Mwenyekiti wetu anasoma magazeti, na mimi bado nahitaji mhuri wake.

Kwa hiyo wanachuo nawajua kwa pande zote mbili. Nawajua wakiwa wapangaji, wanaoacha maharage yakaungua jikoni kwa sababu ya mpira wa jioni, na ambao shikamoo zao hurefuka kila kodi inapochelewa kwa kuwa bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, halijaingia. Nawajua pia wakija na fulana za kujitolea. Mara nyingine ni mtoto yuleyule: alfajiri ametoka uani kwangu na ndala, saa tatu namwona ng'ambo ya mtaro na fulana mpya na glavu, ananipungia mkono kama mtu aliyetoka mbali.

Nishukuru kwanza. Wapo watu hapa mtaani wanaosema wale watoto huja kupiga picha tu wakaondoka. Huo ni uongo, na wanaousema ni walewale waliokuwa kijiweni wakicheza drafti siku ya kazi, wakielekeza kwa mdomo koleo lipite wapi. Wanachuo wanafanya kazi. Mwaka jana mwezi wa nane walikuja wengi, wa chuo kimoja ambacho nacho sikitaji kwa kuwa sina nia ya kukisema vibaya, wakaushika mtaro wetu mkubwa.

Mtaro huo, anayeupita kwa bajaji huona majani tu. Aliyekaa nao kama mimi anajua una tabaka. Juu kabisa ni chupa za maji na vile vifuko laini vya karanga na ubuyu, maana mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini hivi vidogo bado tunavyo tele. Chini ya chupa kuna pampasi, ambazo zikishanywa maji hazibebeki. Zinafuata maganda ya ndizi na majivu ya mkaa. Na chini kabisa ni tope jeusi lililoshikamana na mchanga uliosombwa kutoka kwenye ujenzi huko juu, na hilo ndilo linaloziba karavati. Watu huzilaumu chupa kwa sababu zinaonekana.

Binti mmoja mwembamba, anayesomea uhasibu, aliingia humo na gambuti zilizomzidi miguu. Alikuwa anachota kwa koleo na kumwaga pembeni, anachota na kumwaga, huku uso umemjaa vitone vyeusi. Nilimpelekea maji ya kunywa. Akaniambia, "Mama, mimi koleo sijawahi kulishika tangu nizaliwe." Nikamwambia, "Hilo nimeliona, mwanangu," nikamwonyesha pa kuweka mkono wa kushoto ili kiuno kisimuume. Kufika saa saba mchana alikuwa anawazidi wavulana wawili walioanza naye, na ndala za mmoja wao zilikuwa zimeshachukuliwa na maji ya mtaro.

Kwenye kuchota basi hakukuwa na kosa. Tatizo lilikuwa pale walipomwaga. Tope lote lilirundikwa ukingoni, kimo cha goti, kuanzia kona ya mashine ya kusaga hadi kwenye kidaraja. Mpango ulikuwa gari lije lizoe. Kabla ya gari akaja mgeni rasmi, aliyekuwa amesubiriwa tangu saa tatu na akafika saa tano na nusu. Kukawa na hotuba, kukawa na soda, picha ikapigwa mbele ya bango, na jua la mchana likawa limewashika watoto wa watu ambao wangekuwa wameshamaliza kipande cha mwisho. Gari halikuja siku ile wala wiki ile. Chuo kilidhani gari ni la mtaa, mtaa ukadhani ni la kata, na kata ikadhani chuo kimekuja nalo. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Palipoandikwa nani analeta koleo na nani analeta spika, hapakuandikwa nani analeta gari.

Septemba tope likakauka, watoto wakawa wanapanda juu yake na kuteleza. Oktoba upepo ukalipeleka vumbi kwenye nyanya zangu. Novemba vuli ikashuka usiku mmoja kwa hasira, na asubuhi ukingo ulikuwa safi kabisa, hauna hata bonge moja. Lote lilikuwa limerudi mtaroni lilikotoka, na fulana za siku ile zilikuwa zimeshaanza kupauka kwenye kamba zangu za kuanikia.

Hapo ndipo ninapotoa Januari. Najua Agosti imechaguliwaje. Masomo yanaanza mwishoni mwa mwaka, mihula inakwenda hadi katikati ya mwaka unaofuata, halafu inakuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, Julai hadi Septemba, ndipo mhadhiri anapata nafasi na mwanafunzi anatakiwa aonekane amefanya kitu. Ratiba ya chuo ina mantiki yake. Lakini maji ya Moshi hayaijui. Vuli ni Novemba na Desemba, masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo mwezi ambao mimi hulala na ufagio karibu na mlango. Mtaro uliozibuliwa Agosti unakuwa na miezi yote hiyo ya kujazwa tena kabla haujafanya kazi yake. Ukizibuliwa Januari, vuli imeshapita, jua linachoma, tope limekuwa udongo mkavu unaobebeka kwa toroli, na wanafunzi wapo mjini. Februari nisingewaomba. Kwa ninavyowaona wapangaji wangu, ni mwezi wa mitihani, taa za uani hazizimwi na mtu hapigi hadithi.

Miche nayo ni hivyohivyo. Tumeshapandiwa miashoki Julai, katika baridi kavu, kwa sherehe kubwa. Mingi ilinyauka, michache iliyoshika wakaimalizia mbuzi. Mche ukitiwa ardhini masika yakishakolea, Mungu mwenyewe anaumwagilia hadi Mei, na mwanachuo anayekaa jirani anaweza kuutazama kila anapokwenda kununua chapati. Sisi ni mji wa mijakaranda. Kupanda miti hakutushindi.

Na haya si mageni kwetu tuliozaliwa juu mlimani. Mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka mtoni hadi vihambani, ulikuwa na wenyewe wanaojulikana, ukoo kwa ukoo. Siku ya kuuzibua ilitangazwa, kila mmoja alijua kipande chake, na asiyetokea alitozwa au maji yalimpita mbele ya macho yake yakaenda kwa jirani. Hakuna aliyekwenda kuuzibua maji yakiwa hayahitajiki. Baba yangu angeiona kazi ya Agosti angecheka hadi akohoe.

Wengine watasema, mama huyu anataka tu kulalamikia tarehe. Hapana. Ngoja niwaeleze kazi mbili nilizoziona zikifanywa na wanachuo hapa, zote mbili bila fulana wala spika, na ndizo zilizonifanya nichukue kalamu.

Ya kwanza ni ya kijana wa chumba cha kona. Alikuwa kwenye fildi, anatakiwa afanye mradi unaohusu mazingira, na badala ya kwenda mbali akaamua kuufuata mtaro. Akaanzia mlangoni kwangu na simu yake mkononi, akapandisha nao, akavuka reli, akapita nyuma ya maduka, akaenda hadi anapoona maji yanaanzia. Alikuwa anarudi jioni viatu vimejaa vumbi, anakaa kibarazani anachora. Akatoka na ramani kwenye karatasi ya manila, kalamu ya bluu kwa maji na nyekundu kwa mahali palipoziba.

Ramani ile ilitufumbua macho. Moshi yote imeinamia kusini, hilo kila mwendesha baiskeli analijua, lakini hatukuwa tumelifikiria kwa habari ya mafuriko. Maji yanayotuingia ndani Aprili mengi hayakunyesha kwetu. Yamenyesha kwenye mitaa ya juu, Shanty Town na kupanda, kwenye mapaa makubwa na nyua zilizosakafiwa ambazo hazinywi hata tone, na yote yanateremka kwa njia zilezile zilizochimbwa mji ukiwa mdogo. Tena kijana alionyesha kuwa bomba la karavati chini ya barabara moja ni jembamba kuliko mtaro unaoingia ndani yake. Maji mengi yanafika pale, yanakuta mdomo mdogo, yanageuka kushoto, na kushoto ndiko kwetu. Vijana mia wakizibua kipande chetu hadi king'ae, bado Aprili tutaokota masufuria yakielea, maana tatizo liko mtaa wa juu na kata nyingine.

Alinitundikia karatasi ile gengeni kwa siku kadhaa. Watu walisimama mbele yake wakiwa na fungu la mchicha mkononi, wanafuata ule mstari wa bluu kwa kidole, wanabishana. Mzee mmoja fundi viatu akaonyesha mahali ambapo zamani palikuwa na mtaro wa pili, ukafukiwa mtu akajenga. Kijana akauongeza kwa penseli. Sijawahi kuona hotuba yoyote ya usafi ikisikilizwa hivyo.

Halafu ramani ikaondoka. Ilikuwa kazi ya chuo, ilitakiwa kukabidhiwa ili isahihishwe. Alama alipata, nzuri tu, na ninamwombea heri huko alikokwenda kuajiriwa. Sisi ramani hatuna. Ofisi ya mtaa haina. Mwaka uliofuata wakaja wengine, wazuri vilevile, wakauliza, "Mama, huu mtaro unaanzia wapi?"

Ya pili ni ya yule binti wa koleo. Siku ile ya Agosti ilipokwisha alirudi wiki iliyofuata peke yake, akaomba kukaa na akina mama wa kikundi chetu cha kuzoa taka. Wanazungukia nyumba kwa toroli, wanakusanya ada kidogo kila kaya, wanapeleka taka mahali pa gari. Kila mwezi fedha zilikuwa hazitoshi na kila mwezi walikuwa wanatuhumiana. Binti akaomba daftari. Ilikuwa kaunta buku moja yenye majina yaliyoandikwa kwa mikono ya watu watatu tofauti: mama huyu kaandikwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ukurasa wa pili kaandikwa kwa jina la mumewe, ukurasa wa nne "nyumba ya geti jeusi". Ni mtu mmoja. Alikuwa amelipa, lakini kwa majina mawili alionekana anadaiwa.

Binti akakaa juu ya kreti la soda pale gengeni, akachukua rula, akapiga mistari: namba ya nyumba, mwenye nyumba, idadi ya vyumba vilivyopangishwa, aliyelipa, kiasi, saini. Jumamosi nzima. Akapita nyumba kwa nyumba na mama mweka hazina kuzipa namba kwa chaki. Hapo ndipo ukafumuka ugomvi mwingine wa zamani, nani alipe ada: wapangaji wanasema ni ya mwenye nyumba, wenye nyumba tunasema taka ni za wapangaji. Yeye hakuamua. Alituandikia tu kwenye karatasi kwamba nyumba fulani ina kaya sita na inalipa ada ya moja, akaacha watu wasome. Mtu mwenye nyumba ya kaya sita alilipa mwezi uliofuata bila kuambiwa.

Kisha akawasaidia akina mama kuandika katiba ya kikundi na andiko la mradi, maana halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na akina mama wetu walikuwa wanaisikia redioni kila mara bila kujua mlango wa kuingilia. Wanataka guta la kubebea taka, mgongo umechoka na toroli. Maombi yameshapelekwa, tunasubiri.

Nani atapiga picha ya msichana anayechora mistari kwenye daftari? Hakuna bango linalosimama hapo. Lakini daftari lile lipo hadi leo, liko kwa Kiswahili, mweka hazina anaendelea kulijaza na anajua kwa nini kila safu ipo. Mji huu ndio wa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoandikishwa mwaka 1933 na wakulima wa kahawa waliotaka kuuza wenyewe, na Chuo cha Ushirika kimekuwa hapa tangu mwaka 1963 hadi kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kutunza daftari la watu wengi ni elimu ambayo Moshi haihitaji kuiagiza kutoka popote. Juu ya hapo tuna chuo cha tiba pale KCMC na tuna Mwenge wanaofundisha walimu. Vijana wa namna zote wamo humu humu.

Nije kwenye maandishi. Kila mwaka tunajazwa madodoso. Una choo cha aina gani, unatupa wapi taka, unapata milo mingapi kwa siku. Jirani yangu mmoja mzee anayajibu kwa kukariri kabla swali halijaisha, na mwaka juzi alimsahihisha mwanafunzi aliyeruka namba. Sipingi kuulizwa. Ninachouliza mimi ni majibu yanakwenda wapi. Mpangaji wangu mmoja nilimbana anionyeshe ripoti yake. Alikuwa mwaminifu, akafungua kompyuta yake mpakato pale kibarazani. Kurasa nyingi, Kiingereza kitupu, na jedwali moja ambalo nililitambua kwa sababu jumla ya kaya za mtaa wetu naijua. Nikamwambia anisomee mapendekezo kwa Kiswahili. Akasoma: jamii ielimishwe, jamii ishirikishwe. Tukatazamana. Jamii yenyewe ilikuwa imekaa naye kwenye benchi moja inachambua mchicha.

Najua Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia chuoni, na mtoto asiyeandika kwa Kiingereza hafaulu. Sawa, aandike. Ila kabla ya kuondoka aandike kurasa mbili nyingine kwa Kiswahili, kwamba tulikuta hiki, tulifanya hiki, hiki hatukumaliza, na anayefuata aanzie hapa. Azipeleke ofisi ya mtaa zigongwe mhuri na kuwekwa kwenye faili, nakala moja ibandikwe ubaoni. Kama kuna ramani, ibaki ramani. Simu zote zinapiga picha siku hizi. Mhadhiri akiweka sharti kwamba bila mhuri wa mtaa kazi haisahihishwi, nawahakikishia zitaletwa mbio.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 1973 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikusanyika kwa vikundi kusikiliza kipindi cha Redio Tanzania, kuna kitabu cha Kiswahili mkononi, kuna mtu wa kuongoza mazungumzo, wakimaliza wanaulizana, haya, sisi hapa tunafanya nini? Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Kijijini kwetu walichimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Baba alikuwa amesoma darasa chache tu, lakini kitabu kile alikisoma mwenyewe, akakipigia mistari kwa penseli, kikakaa juu ya kabati miaka na miaka. Waliokipanga walikuwa wasomi, tena wasomi hasa. Na hawakuona shida kukiandika ili mchimba choo akisome.

Nisiwaonee vyuo peke yao. Mitaa yetu nayo ina lake. Kuna mwenyekiti akisikia wanachuo wanakuja anaona ndiyo Jumamosi ya usafi imeshapata wenyewe, anaacha kuwagongea watu milango. Na mji wenyewe umelewa sifa. Moshi imeshika nafasi ya juu mara kadhaa katika mashindano ya usafi ya kitaifa, na abiria wa mabasi wanaonywa kabla ya kufika stendi wasitupe ganda dirishani. Tunastahili sifa hiyo, naipenda, nikiwa Dar es Salaam kwa wanangu naitamba. Lakini mengi yake ni ya barabara za lami. Huku kwenye vichochoro, ambako gari la taka halipiti, kazi inafanywa na akina mama wa toroli, na tuzo haijawahi kuletwa huku hata ikaguswe.

Kwa hiyo, mheshimiwa mkuu wa chuo, kabla hujachapisha fulana, mtume kijana mmoja aje mkutano mkuu wa mtaa. Si lazima aje na barua ndefu. Akae, asikilize, kisha aulize nini kinatakiwa, lini, na nani atafanya nini vijana wakishaondoka. Fulana iliyochapwa haipungui shilingi 10,000. Zidisha kwa vijana mia uone kama haipatikani tipa ya kuzoa tope siku ileile. Ukishachagua mtaa, kaa nao miaka mitatu, kundi linaloondoka limkabidhi mwenzake daftari mbele ya mwenyekiti. Mtaa mmoja unatosha. Mkishaumaliza huo, nendeni wa jirani, ikiwezekana wa juu, ambako maji yanaanzia.

Na jambo ambalo naona limewapita. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wanachuo waliojazana mageto ya uani, kwangu na kwa majirani zangu, ni wakazi. Wanakunywa maji haya, wanatoa taka hizi, Aprili magodoro yao yanalowana pamoja na yetu. Wana haki ya kunyoosha mkono kwenye mkutano ule kama mimi. Lakini siku ya kujitolea mnawapakia kwenye basi kuwapeleka mtaa mwingine kuwa wageni, na kwetu mnaleta wengine kwa basi lingine. Nimewauliza wapangaji wangu kama waliwahi kuhudhuria mkutano wa mtaa. Mmoja akaniuliza, "Kwani mama, na sisi tunaruhusiwa?"

Mnaruhusiwa. Tangazo hubandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na mashine ya kusaga, benchi zinaazimwa kanisani, na wanaowahi hupata kivuli.

Mwisho kabisa, Mhariri, kama nafasi inaruhusu: nina chumba kimoja uani kitakachokuwa wazi kuanzia Oktoba, kina umeme wa luku yake na maji nje. Kodi ni ya miezi mitatu mitatu, wala sidai ya sita. Mwanachuo anayejua kupiga mistari ya daftari, awe binti awe kijana, nitampunguzia.

Mama Mwenye Genge,
Moshi.
(Jina langu unalo, usilichape.)